Famasi ndogo ya Ngamiani kwa mwenye dawa za kila siku na bima hana

Naandika hii kwa watu wa Tanga wenye wazazi, au wenyewe, wanaotumia dawa za kila siku, presha, sukari, kifafa, moyo, na bima hawana au walikuwa nayo ikakatika. Kuna famasi moja ndogo Ngamiani, upande wa kwenda soko la Mgandini, chumba kimoja tu, kaunta ya kioo na benchi la mbao nje. Jina silitaji maana sijamuomba ruhusa mwenyewe, ila ukiwauliza bajaji wa pale famasi ya yule kaka anayepima presha watakushusha mlangoni. Naipa alama za juu na nitaeleza kwa nini, na mapungufu yake nitayasema vilevile maana yapo.

Mama yangu ana presha na sukari, mwaka wa ngapi sasa. Alikuwa kwenye kadi ya bima ya NHIF ya kaka yangu, mtegemezi, si mnajua kadi ya mwajiriwa inabeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne, na wazazi wamo humo. Sasa mkataba wa kaka kazini ukaisha haukuongezwa, michango ikasimama, na kadi za familia nzima zikasimama nayo. Mama hakuambiwa na mtu. Kaja kujua dirishani siku ya kliniki, foleni imejaa nyuma yake, anaambiwa mama kadi yako haisomi. Akarudi zake Makorora na kipochi chake, kwenye karatasi za dawa kumebaki vidonge vya kuhesabu. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia fulani kaishiwa dawa wanadhani ni uzembe, na mama yangu si mtu wa hivyo, yule adhana ya alfajiri ikiisha keshameza dawa zake, hakumbushwi.

Tulianza na duka moja kubwa la dawa mjini. Kijana wa pale akaangalia cheti, akabonyeza kikokotoo, akataja bei ya mwezi mzima ya dawa zilezile alizokuwa akipewa mama kwa bima, za kampuni ya nje, hela inayozidi kodi ya chumba chetu cha uani. Nikamuuliza hakuna za bei nafuu, akasema hizi ndo zilizoandikwa. Nikamuuliza basi nipe hata za wiki, akasema boksi hatukati. Muda wote huo mama kasimama kashikilia ukingo wa kaunta na hakuna aliyemwambia mama kaa. Mie nilitoka pale nimevimba.

Na hapa ndo wengi wanaharibikiwa, maana ukishatajiwa bei ya kukukatisha tamaa unarudi nyumbani unaanza kubana, kidonge unakata nusu, leo unameza kesho unaruka, au jirani mwenye presha anasikia habari anakuletea vya kwake, na analeta kwa roho safi kabisa, Tanga watu tunaishi hivyo. Lakini dawa za presha ni aina nyingi na kila moja inafanya kazi yake kivyake, za jirani zinaweza kuwa atenololi na wewe una pumu, usiku kifua kinakubana hujui hata umekosea wapi. Na presha yenyewe haina kelele, mtu anatembea yuko freshi kabisa ukimpima unakuta 180, anakwambia mbona sisikii kitu. Akiacha dawa siku mbili haoni tofauti ndo anazidi kuamini kwamba anaweza kuacha.

Sasa hii famasi ya Ngamiani tulielekezwa na mama mmoja wa vitumbua. Tumefika, shikamoo mama, marahaba baba, na kabla hajaulizia hela wala cheti mfamasia akasema mama pita ukae kwanza. Ana kiti cha plastiki ndani ya kaunta, huko ndo anawakalisha wazee. Kisha akauliza, "Makasha na karatasi za dawa ulizokuwa unatumia unayo? Nipe vyote, hata vilivyoisha."

Mama akamwaga kipochi chote kwenye kioo. Kulikuwa na makasha yamekunjika, karatasi zimebaki na kidonge kimoja kimoja, nyingine tupu kabisa. Yule kaka akazipanga kwa mstari, akawa anageuza moja moja, anasoma huku kaweka kidole, akaniita na mimi nisogee nione. Hili neno kubwa la rangi hapa juu, akasema, ni jina la biashara, kampuni imejiwekea, dawa yenyewe ni haka kaandishi kadogo huku chini, na ukishajua haka kadogo huwezi kubabaishwa na duka lolote, unauliza hii dawa, miligramu hizi, ya kampuni gani ya bei nafuu unayo. Yaani dakika mbili tu akaniondolea kitu ambacho kimetutesa siku zote, kumbe dawa ileile anaitengeneza mtu wa India, wa Kenya, na hapa kwetu inatengenezwa, kiini kilekile, kipimo kilekile, bei mbalimbali, na zote kuingia nchini lazima zisajiliwe na TMDA, mamlaka ya kusimamia dawa.

Halafu akanyamaza. Akachukua kasha moja na karatasi nyingine akaviweka pamoja. Kasha limeandikwa losatani na haidroklorothiazaidi, yaani dawa mbili za presha ndani ya kidonge kimoja, hiyo ya pili ndo ile ya kukojoza. Karatasi ya pembeni ni haidroklorothiazaidi peke yake. Mama alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi, moja kaandikiwa na daktari huyu, nyingine kaandikiwa siku nyingine na daktari yule, majina ya juu hayafanani basi kila mtu kapitisha. Akamuuliza mama, ukiinuka ghafla unasikia kizunguzungu? Usiku misuli ya miguu inakukaza? Mama akaniangalia kwanza, akasema ee baba, inanikaza mpaka naamka naikanyagia sakafuni. Sisi tulikuwa tunamchua na mafuta ya nazi tunasema uzee.

Kilichonifanya nimuamini ni kwamba hakujifanya daktari. Hakusema acha hii. Alipiga simu kliniki kwa daktari anayemuona mama, akamsomea miligramu za kila dawa na dalili alizosema mama, wakaongea, ndipo ile ya peke yake ikawekwa pembeni kwa maelekezo ya daktari, akaandika nyuma ya cheti tarehe na nani kasema nini. Akamwambia mama kliniki ijayo akaombe wampime damu waangalie figo na chumvi za mwilini. Tumepitia kaunta ngapi na bima yetu mkononi, dawa zinatolewa tu dirishani mfuko huu hapa mwingine aje, hili jambo halikuonekana.

Kipimo cha presha ni bure na anapima anavyotakiwa kupima. Mama alishakaa pale kitambo kidogo, miguu chini haijakunjwa, mgongo umeegemea, mkono umelazwa juu ya kaunta usawa wa moyo, na mkono wa buibui akamuomba aupandishe juu kwanza, hapimi juu ya nguo. Na usiongee mama, tutaongea baadaye. Ikasoma 168 kwa 98. Akasubiri kidogo akarudia. Wengi wakikupima umeingia tu unahema na jua la saa saba, umesimama, unajibu simu, halafu wanakwambia presha yako imepanda na unauziwa dawa. Huyu anakuandikia kwenye kikadi cha karatasi ngumu ubaki nacho, na yeye anaandika kwenye daftari lake.

Tukaja kwenye hela. Tulikuwa na elfu kumi, nikamwambia ukweli wote, hii ndo iliyopo na nyingine itapatikana mwisho wa mwezi Mungu akipenda. Mie nilidhani atasema nunua ya presha, ya sukari itasubiri. Akasema hapana, bora mama apate dawa zake zote za siku chache kuliko dawa moja ya mwezi na nyingine hamna, hizi siku chache zitawapa nafasi ya kutafuta. Akachukua kalamu. Losatani ya mchanganyiko kidonge 300, kwa wiki mbili ni 4,200. Amlodipini, nayo ya presha, kidonge 150, wiki mbili 2,100. Metfomini ya sukari kidonge 100, asubuhi na jioni, wiki mbili 2,800. Jumla 9,100, tukarudishiwa chenji 900. Bei ni za siku ile jamani msije mkaniambia nimewadanganya, dawa zinapanda na kushuka, ila piga hesabu mwenyewe ukaone tofauti na ile bei ya mjini, ugonjwa ni uleule na daktari ni yuleyule.

Vidonge alikata na mkasi vikiwa ndani ya karatasi yake, hakuvitoa akavimwaga kwenye bahasha, na kila kipande alihakikisha kimebaki na jina au akaandika kwa kalamu ya wino jina, miligramu na tarehe ya kuisha. Metfomini akasema anywe na chakula isimchafue tumbo. Kumbukeni pia siyo kila kidonge kinakatwa nusu, kuna vile vimetengenezwa kutoa dawa polepole, ukikikata dawa yote inatoka mara moja.

Mama alipoona amlodipini mpya akagoma. Hizi si zangu, zangu zina rangi nyingine. Hapo watu wengi wanamkaripia mzee. Yule kaka akampa kasha la zamani na jipya ashike mwenyewe, akamsomea herufi kwa herufi, mama akasema nimeona baba, haya sawa. Mzee akiwa na wasiwasi na dawa hatameza hata ukimpa bure, ataificha chini ya godoro, wangapi tumewakuta hivyo.

Nimekuwa naenda pale tangu siku hiyo na nimeona jinsi anavyohudumia wengine, ndo imenifanya niandike maana nimeona siyo sisi tu. Ana namna ya kujua nani anaweza kusubiri na nani hawezi. Mtu wa kifafa akija amekatikiwa, anamtanguliza mbele ya foleni, maana dawa za kifafa ukiacha ghafla degedege linaweza kuja mfululizo lisikatike. Vivyo hivyo aliyekuwa kwenye atenololi anaambiwa usiache ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Amlodipini yenyewe inakaa mwilini muda mrefu kidogo, ukichelewa siku moja haikuangushi hapohapo, lakini hilo analisema kumtuliza mtu, siyo kumpa ruhusa ya kuruka. Wa insulini hawezi kusubiri kabisa, hasa mtoto, na huyu kaka insulini hauzi, alisema wazi kwamba umeme ukikatika usiku friji lake dogo halina jenereta na insulini inataka nyuzi 2 mpaka 8, hataki kumuuzia mtu dawa iliyoharibika, kwa hiyo wa insulini anamwandikia karatasi na kumwambia nenda hospitali ya Bombo sasa hivi, leo, usilale. Kakataa hela mbele ya macho yangu kwa sababu hiyo, na alikuwa mteja wa mwisho wa siku.

Na hapa niwaambie kitu alichonifundisha kuhusu maduka, wengi tunachanganya. Duka la dawa muhimu, yale ya mtaani ya DLDM yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yana orodha yake maalum ya dawa yanayoruhusiwa kuuza. Famasi ni ngazi nyingine, inatakiwa iwe na mfamasia na kibali cha Baraza la Famasi kimebandikwa ukutani unakiona. Kwa dawa za kudumu kama hizi za wazazi wetu nenda famasi. Na ukiuziwa kidonge kwenye duka binafsi kimeandikwa GOT, hiyo ni dawa ya serikali ya MSD, yaani bohari ya dawa, imetoka mahali isipotakiwa kutoka, iache hapohapo.

Kitu kingine, na hiki ndo kimemuweka juu kwangu kuliko yote, hakutaka tuwe wateja wake tu. Mfanyabiashara mwingine angefurahi tumerudi kila wiki mbili na hela zetu. Yeye aliuliza mama ana umri gani, nikasema kapita sitini, akasema mzee wa 60 asiye na uwezo sera inamtambua kwa matibabu ya msamaha, nendeni serikali ya mtaa mkapate barua, halafu mkaonane na ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali, msiishie dirishani mkaambiwa hapana mkageuka. Akatuambia pia kuhusu bima ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo tulikuwa tunaijua kwa 30,000 kaya ya watu 6 mwaka mzima, na tangu sheria ya bima ya afya kwa wote ipite 2023 utaratibu unabadilishwa, kwa hiyo ulizeni kwa mtendaji wenu wa mtaa kinacholipwa sasa kabla hamjatoa hela. Tulienda. Ustawi kuna foleni na maswali mengi, mama hakupenda kuulizwa ana watoto wangapi na wanafanya kazi gani, lakini barua ilipatikana. Dawa za kituoni zikiwepo anachukua, zikiambiwa hamna kanunue nje, tunarudi Ngamiani.

Haya mapungufu. Hakopeshi. Anasema akikopesha ataishiwa mtaji na hata mwenye hela atakuta shelfu tupu, na mie namuelewa ila kwa mtu ambaye hana hata mia ya leo jibu hilo linauma na nimemuona mzee mmoja akiondoka na cheti chake mkononi, sijapenda. Anachokubali ni kudunduliza, unaacha 500, unaacha 1,000, anaandika kwenye daftari na wewe unaandikiwa kwenye kikadi chako, zikifika unachukua dawa. Mama sasa anafanya hivyo na hela ya ukili anaosuka, tarehe ikifika hela ipo, hatuhangaiki. Lakini ningependa aweke hata kisanduku pale kaunta watu wenye chenji waachie kwa ajili ya wasio nayo, nilimwambia, akasema atafikiria, sijakiona bado.

Foleni baada ya magharibi ni ndefu na benchi ni moja, wazee wanasimama nje kwenye vumbi la barabara. Ijumaa anafunga kwenda kuswali, sawa kabisa, ila hakuna kibao cha kusema anarudi saa ngapi, na kuna watu wanatoka Pangani na Muheza wanakuta mlango umefungwa hawajui wasubiri au waondoke. Kulipa kwa simu kunasumbua, beba taslimu. Na mchana akiwa hayupo anakaa msaidizi wake, dada mmoja ambaye hana ubaya ila ana haraka, alinipa metfomini ya miligramu 850 badala ya 500, nikasoma kale kaandishi kadogo nikamrudishia, akaomba radhi akabadilisha. Nisingefundishwa kusoma ningeondoka nayo. Nilimwambia mfamasia, na tangu siku hiyo dada anasoma cheti kwa sauti kabla ya kukata, mteja anasikia. Kwangu hilo limetosha, kosa lilisemwa na likafanyiwa kazi.

Mfamasia dawa za asili hazidharau. Mama anakunywa mlonge na kitunguu saumu, alimwambia kwa wasiwasi akitegemea kugombezwa. Akamwambia mama niambie kila unachokunywa, usinifiche, ila usiache vidonge ukategemea hivyo, na kabla hujaongeza kitu kipya nipitie kwanza. Nimeona wanaogombezwa wakinyamaza tu na kuendelea kunywa kimyakimya, daktari hajui, mfamasia hajui.

Presha ya mama mara ya mwisho kupimwa pale ilikuwa 138 kwa 84, na misuli ya miguu usiku haimkazi tena. Sisemi famasi imeponya, dawa ndo zimefanya kazi kwa sababu anazipata zote na anameza inavyotakiwa.

Kwa atakayekwenda: chukua kila karatasi na kasha la dawa, hata tupu, usitupe, beba na cheti cha mwisho cha kliniki. Nenda asubuhi kabla ya saa nne au alasiri, mwenyewe anakuwepo. Usingoje karatasi ifike kidonge cha mwisho, nenda ikibaki ya wiki moja maana losatani ya mchanganyiko huwa inamuishia na mzigo mpya unachukua siku kadhaa kufika. Mwambie ukweli kuhusu hela uliyonayo mfukoni tangu mwanzo, hesabu yake anaanzia hapo.